Tuujue Mtandao (3): Kisanduku Kimoja, Kazi Tano

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliufuata mtandao kutoka baharini, tangu kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, hadi kwenye nguzo ya mtaani kwenu. Leo tunaingia ndani. Tunakitazama kile kisanduku chenye antena ambacho fundi hukitundika ukutani, akaunganisha waya, akaandika nywila ya waifai kwenye kipande cha karatasi, akaaga. Wengine hukiita ruta, wengine hukiita waifai tu. Kwa kweli humo ndani mna vifaa vitano vilivyofungwa pamoja ili kupunguza gharama: kipokezi cha ishara ya mtoa huduma, ruta, mgawaji wa anwani, swichi, na kituo cha waifai. Kwenye benki au chuo kikuu mara nyingi kila kimoja husimama peke yake.

Nasisitiza kuzitenganisha kazi hizi kwa sababu nimeona watu wengi wakipandisha kifurushi cha mwezi ili wapate kasi zaidi, ilhali kasi waliyonayo inapotelea ndani ya kuta zao wenyewe. Asiyejua ni kazi ipi kati ya hizo tano imekwama hulaumu kampuni kwa kila jambo, na mara nyingi kampuni haihusiki.

Tuchukue duka la steshenari la kawaida. Kuna kompyuta tatu, printa moja inayotumiwa na wote, kamera za ulinzi pamoja na rekoda yake, simu za wafanyakazi, na wateja wanaoomba waifai wakisubiri kazi zao zichapwe.

Kipokezi hakina maneno mengi. Kwa mwenye faiba, hupokea mwanga unaosafiri ndani ya uzi wa kioo na kuugeuza kuwa ishara za umeme. Kwa anayetumia laini ya simu, modemu iliyomo ndani husikiliza mnara wa 4G. Mteja hana cha kurekebisha hapo. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, basi pigia kampuni. Ila usiukunje ule uzi wa faiba ili upite vizuri nyuma ya kabati, maana kwenye kona kali mwanga huvuja.

Ruta ndiyo yenye mambo. Kazi yake ni kuunganisha mitandao miwili, wa ndani na wa nje, na kuamua kila pakiti ya data ielekee wapi. Anwani za IP za toleo la nne, zilizowekewa kanuni mwaka 1981, zina biti 32, na jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawanywa Februari 2011 kwa rejista tano za kanda, mojawapo ikiwa AFRINIC yenye makao yake Morisi. Kwa kuwa uhaba huo ulionekana mapema, zilitengwa anwani za matumizi ya ndani ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa: zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za 172.16 hadi 172.31. Ndiyo maana ruta ya nyumbani kwako na ya jirani yako huenda zote zinaitwa 192.168.1.1, na hazigongani.

Anwani hizo za ndani hazitambuliki nje. Ni kama shule ya bweni yenye sanduku moja la posta: barua za wanafunzi wote huja kwa S.L.P. ileile, na karani ndiye anayejua ipi iende bweni gani. Ruta hufanya ukarani huo. Kompyuta ya kaunta ikiomba ukurasa, ruta huandika ombi hilo kwenye jedwali lake, hulituma nje kwa anwani moja ya duka zima, na jibu likirudi hulipeleka kwa aliyeuliza. Pakiti inayoingia kutoka nje bila mtu wa ndani kuiomba haina mwenyewe kwenye jedwali, hivyo hutupwa.

Kwenye laini za simu, kampuni hufanya ukarani wa pili juu ya huu wa kwako. Fungua ukurasa wa ruta na utazame anwani ya upande wa nje. Ikiwa ni kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, jua kwamba wewe na wateja wengine wengi mnatumia anwani moja ya hadharani. Tuseme fundi amekuahidi kwamba atafungua tundu kwenye ruta ili utazame kamera za duka ukiwa safarini. Hata akibonyeza siku nzima haitawezekana. Omba anwani ya hadharani kwa kampuni, au tumia rekoda inayojiunga yenyewe na seva ya nje.

Mgawaji wa anwani hufanya kazi iitwayo DHCP. Kila kifaa kinachojiunga huuliza kipewe anwani, naye huazima moja kutoka akiba yake kwa muda maalumu. Ukikuta kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, umepata habari muhimu: iliuliza, haikujibiwa, ikajibunia. Tatizo liko kati ya kompyuta na kisanduku, si kwa kampuni; kagua waya. Kwa upande wa printa, usiiache iazime anwani mpya kila inapozimwa. Ingia kwenye mipangilio ya DHCP uitengee anwani yake ya kudumu, na malalamiko ya kila Jumatatu kwamba printa haionekani yatapungua sana.

Swichi ni yale matundu manne ya waya nyuma ya kisanduku. Haijishughulishi na anwani za IP. Husoma anwani ya MAC, ile ya tarakimu 12 ambayo mtengenezaji huipa kila kadi ya mtandao, ikakumbuka nani yuko tundu gani, na kupeleka data kwa mhusika peke yake. Habu za zamani, zilizotumika kabla ya swichi, zilimpigia kila mtu kelele ileile. Matundu yakiwa hayatoshi, nunua swichi ya matundu 8, chomeka, imekwisha, haihitaji kupangwa. Lakini jihadhari na jambo moja. Mtu akipanga meza, akakuta ncha ya waya inaning'inia, akaichomeka kwenye swichi ileile ambayo ncha ya pili imo tayari, matangazo ya mtandao, yaani pakiti zinazotumwa kwa vifaa vyote, yataanza kuzunguka bila kikomo, na ndani ya sekunde chache duka zima litasimama huku taa zote za swichi zikipepesa kwa pamoja. Dawa yake, kanuni ya kuvunja mizunguko hiyo, ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment. Swichi za ofisi kubwa huwa nayo. Zile za bei nafuu mara nyingi hazina, kwa hiyo kagua nyaya kwa macho.

Hapa ndipo penye kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Waifai haifiki chumba cha nyuma, mwenye duka ananunua ruta ya pili, anachomeka waya kutoka ruta ya kwanza kwenye tundu la WAN (la upande wa nje) la ile ya pili. Intaneti inapatikana, kila mtu anafurahi, kisha kompyuta ya nyuma inashindwa kuiona printa ya mbele. Sasa kuna mitandao miwili ya ndani, na karani wa pili anatupa chochote asichokiomba. Rekebisha hivi: ipe ruta ya pili anwani isiyotumiwa na kifaa kingine, tuseme 192.168.1.2 ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, na hakikisha anwani hiyo haimo katika akiba ya DHCP. Zima DHCP yake, kwa sababu wagawaji wawili katika mtandao mmoja ni vurugu. Kisha ondoa waya kwenye WAN uuchomeke tundu la LAN (la upande wa ndani). Kuanzia hapo inakuwa swichi na kituo cha waifai tu.

Kuhusu waifai yenyewe, masafa ya 2.4 gigahezi hupenya ukuta vizuri zaidi lakini yamejaa. Katika chaneli zake, 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, basi chagua mojawapo ambayo majirani hawajaijaza. Masafa ya 5 gigahezi yana kasi kubwa na hufa haraka yakikutana na tofali. Usiweke kisanduku sakafuni, wala ndani ya kabati la chuma, wala nyuma ya friji.

Sasa usalama, ambao naomba msomaji auchukulie kwa uzito. Agosti 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilianza kuonekana duniani. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, za aina ya admin na admin, dhidi ya kamera, rekoda na ruta zilizo wazi kwenye intaneti. Vifaa ilivyovipata ilivigeuza jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani mpaka Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Wenye zile kamera hawakujua lolote. Picha ziliendelea kuonekana kama kawaida. Rekoda ya steshenari yetu ni kifaa cha aina hiyohiyo.

Kwa hiyo fungua kivinjari, andika anwani ya ruta kama ilivyobandikwa chini yake, ingia, na kwanza badilisha nywila ya msimamizi. Hii si ile ya waifai. Wengi hubadilisha ya waifai wakadhani wamemaliza. Fanya vivyo hivyo kwenye rekoda ya kamera. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima WPS, ile njia ya mkato ya kujiunga na waifai, kwa kuwa tangu mwaka 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, na badala ya mamilioni ya majaribio yanatosha yasiyozidi 11,000. Zima pia ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje. Washa mtandao wa wageni ili simu za wateja zisikae pamoja na kompyuta ya mauzo. Mwisho, tafuta sehemu ya kusasisha programu ya ndani ya ruta, na uisasishe.

Kuna mafundi wanaopendekeza kuorodhesha anwani za MAC za simu zinazoruhusiwa. Siupendekezi mtindo huo. Simu za miaka ya karibuni hujipa anwani ya MAC ya kubuni kwa kila mtandao, na anayetaka kuiga anwani ya mwingine hahitaji zaidi ya dakika chache.

Intaneti ikikatika, usikimbilie kuzima na kuwasha. Kwenye kompyuta, andika amri ya ping kwa anwani ya ruta. Isipojibu, tatizo liko ndani. Ikijibu, jaribu 8.8.8.8. Isipojibu hiyo, tatizo liko kwa kipokezi au kampuni, na sasa unapopiga simu una cha kuwaambia. Ikijibu lakini tovuti hazifunguki kwa majina, kilichokwama ni DNS, nayo ndiyo tutakayoizungumzia juma lijalo.

Na fundi anapomaliza kufunga kisanduku, mdai nywila ya msimamizi kabla hujamlipa. Akikujibu kwamba mteja haihitaji, kazi yake haijaisha.