Pikipiki ya banda la mbuzi: Hesabu kwanza, spana baadaye

GIHEKE, Rusizi

Mnunuzi wa chuma chakavu alifika kwa mama mkubwa mara tatu. Mara ya kwanza alitaja bei ya kilo. Mara ya pili aliongeza kidogo na kusema kuwa zama za pikipiki kama hizo zimekwisha. Mara ya tatu alikuta mbuzi wamefukuzwa bandani na Yamaha AG100 ya marehemu baba mkubwa imeegemezwa ukutani, juani, baada ya kulala miaka 9 bila kuwashwa.

"Siuzi," mama mkubwa alimwambia. "Lakini usiende mbali. Huenda nikakuita."

Hakuwa anatania. Mama mkubwa ni mchuuzi wa mboga na mayai. Kila siku ya soko hupanda pikipiki ya abiria kutoka Giheke hadi Kamembe, kisha huvuka mto Rusizi na mzigo wake hadi Bukavu. Siku bei inapokuwa mbaya upande wa pili, nauli hula faida na kuanza kuutafuna mtaji. Pikipiki ya nyumbani, yenye keria mbele na nyuma, ingemwondolea nauli hiyo. Lakini fedha za kuitengeneza zilikuwa mahali pamoja tu: katika mtaji huohuo.

Akaweka kikomo: faranga 250,000. Bima na kubadilisha jina la mmiliki aliviweka katika hesabu nyingine. Matengenezo yakipita kikomo hicho, mtu wa chuma chakavu aitwe. Mimi nikakabidhiwa daftari la matumizi. Yaliyomo humo nayaandika hapa kwa sababu pikipiki zilizolala hivi zipo katika mabanda mengi ya ukanda wetu, na wenye nazo huulizana swali lilelile: ifufuliwe au ikauzwe kwa kilo?

Mashine ya mabwana shamba

Herufi AG ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo. Yamaha ilianza kuunda pikipiki hizi miaka ya 1970 kwa ajili ya kazi za shambani: injini ndogo ya sentimita za ujazo 97, keria mbili, na cheni iliyofunikwa yote ndani ya kasha ili tope na vumbi visiifikie. Katika nchi zetu zilienea mikononi mwa mabwana shamba, wahudumu wa chanjo, mapadre na watu wa miradi. Baba mkubwa aliinunua yake ikiwa imekwisha kutumika, akazunguka nayo kwa wakulima wa chai upande wa Shagasha hadi alipougua.

Tofauti yake kubwa na pikipiki za leo iko ndani ya injini. TVS na Boxer tunazopanda kila siku ni za mipigo minne. AG100 ni ya mipigo miwili, ile inayounguza oili pamoja na petroli. Tofauti hiyo karibu itugharimu kila kitu, kama utakavyoona.

Karatasi kabla ya spana

Fundi tuliyempata hutengeneza pikipiki za abiria karibu na barabara kuu. Alipofika alikuja na spana zake, lakini mama mkubwa alimzuia.

"Keti kwanza, mwanangu. Tutafute kadi."

Hapa Rwanda kadi ya usajili wa chombo huitwa kadi ya njano. Ilipatikana chini ya sanduku la nguo, ndani ya mfuko wa plastiki. Fundi akasugua shingo ya fremu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa hadi namba iliyogongwa kwenye chuma ikaonekana. Tarakimu ya mwisho ilisomeka 3, ilhali kadi ilisema 8. Kwa robo saa hakuna aliyezungumza. Pikipiki ambayo namba yake haifanani na karatasi inaweza kukamatwa siku ya kwanza barabarani, hata ikinguruma vizuri namna gani.

Fundi akapaka chaki juu ya namba na kuifuta taratibu kwa kitambaa. Chaki ikabaki ndani ya michoro. Ilikuwa 8, upande wake mmoja umelika kwa kutu. Namba ya injini nayo ikalingana.

Kadi bado ilikuwa na jina la marehemu. Mama mkubwa alikuwa na karatasi za mirathi, kwa hiyo alianza kushughulikia jina kabla ya kununua hata boliti moja. Na wewe msomaji, ukitaka kununua pikipiki ya zamani, hasa iliyokuwa ya mradi uliofungwa zamani, anzia hapa. Aliyeiegesha nyumbani kwake si lazima awe mwenyewe kwenye karatasi.

Usiipige kiki kwa hasira

Kosa la pili ambalo wengi hufanya ni kuruka juu ya kiki siku ya kwanza. Injini iliyolala miaka mingi huwa na ringi zilizoganda kwenye silinda. Ukiilazimisha, unavunja ringi au unachana ukuta wa silinda, na hicho ndicho kifaa ghali kuliko vyote.

Fundi alifungua plagi, akamimina ndani vijiko kadhaa vya dizeli iliyochanganywa na oili, akaiacha siku 4. Kisha aliingiza gia ya juu kabisa na kusukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo, bila nguvu. Siku ya nne pistoni ilisogea upana wa kidole. Jioni ilikuwa inapanda na kushuka.

Akavua kichwa cha silinda, akapitisha ukucha ndani ya ukuta wake. Mikwaruzo ilionekana kwa macho, lakini ukucha haukunasa. "Ukucha ungenasa," alisema, "ningekuambia, mama, umwite yule wa chuma." Mpaka hapo daftari lilikuwa na dizeli na oili tu.

Petroli, hewa na cheche

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya uvumilivu. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka ulimbo wenye harufu ya rangi. Ndani ya tangi tulitia kipande cha cheni kuukuu na siki, tukalitikisa kwa zamu hadi mikono ikauma, tukalisuuza, tukalikausha siku hiyohiyo na kulipaka oili ndani. Tangi likiachwa na unyevu usiku mmoja, kutu hurudi.

Kabureta ilifunguliwa yote. Vitundu vyake vilisafishwa kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Waya wa chuma haufai: unapanua tundu, na tundu likipanuka injini haipati tena kipimo chake cha petroli. Platini za magineto zilisuguliwa kwa msasa laini. Plagi mpya ikawekwa juu ya silinda, mbali na petroli, kiki ikapigwa, na cheche ya buluu ikaonekana.

Kisha vikaja vya kununua ambavyo havina mjadala: tairi mbili zilizopasuka kwa jua, mipira ya ndani, viatu vya breki, nyaya za breki na klachi. Pampu ya oili ya AG100 hunyonya kutoka kwenye tangi lake dogo, lakini bomba lake lilikuwa limejaa hewa. Fundi aliitoa hewa hiyo, na kwa tahadhari akachanganya pia mililita 40 za oili ya mipigo miwili katika kila lita ya petroli ya mwanzo.

Siku ya 11, kwa kiki ya saba, iliwaka. Moshi mzito uliwafukuza mbuzi kwa mara ya pili. Mama mkubwa hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya tangi akakiacha hapo. Daftari lilisoma faranga 182,000, pamoja na ujira wa fundi.

Kilima kilichotoa siri

Bima ilipokatwa, mwanawe mwenye leseni aliiteremsha hadi Kamembe. Wakati wa kurudi, kilimani, injini ilianza kupiga kelele nyembamba. Aliachia mkono wa petroli, nayo ikaendelea kuzunguka kwa kasi kana kwamba hajaachia. Ilipata joto, ikaishiwa nguvu. Kijana akafanya jambo la busara: akazima, akashuka, akaisukuma hadi nyumbani.

Fundi alipovua kifuniko cha magineto alikuta unyevu mweusi wa oili nyuma ya gurudumu lake. Akakaa kimya kidogo.

"Mama, kosa ni langu. Nimefikiri kama fundi wa TVS."

Maelezo yake ni haya. Katika injini ya mipigo miwili, chumba kilicho chini ya pistoni ndipo mchanganyiko wa petroli na hewa hupita kabla ya kupanda juu kuungua. Chumba hicho lazima kizibwe kabisa. Kinachokiziba kwenye ncha mbili za krenki ni sili za mpira, na mpira uliokaa miaka 9 bila kazi hukauka. Sili ya upande wa magineto ikivuja, injini hunyonya hewa ya ziada. Petroli inakuwa kidogo kuliko hewa, joto linapanda, pistoni inayeyuka au kukwama. Ya upande wa klachi ikivuja, injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mzito usiokwisha. Kwenye pikipiki ya mipigo minne, sili iliyochoka hudondosha oili chini, unapangusa na kuendelea na safari. Kwenye hii, sili hiyohiyo huua injini.

"Kosa lako ni faranga ngapi?" mama mkubwa aliuliza.

"Vifaa utanunua. Mikono yangu bure."

Zilibaki faranga 68,000 kufikia kikomo.

Namba haina uraia

Duka la kwanza Kamembe lilitujibu kwamba vifaa vya AG havipo siku hizi. La pili vilevile. Hapo ndipo fundi alipotufundisha jambo ambalo kila mfanyabiashara wa vipuri angefaa kulijua: usiulize jina la pikipiki, uliza namba ya kifaa.

Sili nyingi za mpira zina vipimo vitatu vilivyoandikwa usoni: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Beringi nazo zina namba zinazotumika dunia nzima. Beringi 6202, kwa mfano, ni milimita 15 ndani, 35 nje na 11 unene, iwe imenunuliwa Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala, Gerezani jijini Dar es Salaam au kwenye duka la pampu za maji mlangoni pako. Sili yetu moja tuliipata Kamembe kwa muuza vipuri vya mashine za kusaga. Ya pili mama mkubwa aliikuta Bukavu alipopeleka mayai.

Aliporudi nayo aliitangaza forodhani, ingawa ingeweza kupotea ndani ya kiganja. Wapo wanaodhani cheti cha asili kilichorahisishwa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinafuta ushuru wa kila kitu. Sivyo. Kinahusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kipuri cha Japani, India au China hakiwi cha kwetu kwa sababu kimenunuliwa Kampala au Bukavu. Mayai ya Giheke yana asili yake hapa, sili ya mpira ina ya kwake.

Gurudumu la magineto lilivuliwa kwa kivutio chake, si kwa nyundo. Upande wa klachi ulichukua siku nzima. Sili, beringi za magurudumu, gasketi na oili mpya vilifika faranga 51,500. Jumla: 233,500. Chini ya kikomo kwa faranga 16,500.

Je, ilifaa?

Wapo waliosema hapana, na hoja yao ina uzito. Serikali ilitangaza kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria jijini Kigali zisajiliwe za umeme tu, na moshi wa mipigo miwili hauna wa kuutetea. Mama mkubwa hakujibu kwa maneno ya kumbukumbu. Alisema yeye habebi abiria, hayuko Kigali, na pikipiki ya umeme haimo katika banda lake la mbuzi.

Lakini pia alisema hivi: kama ukucha ungenasa kwenye silinda, angeiuza siku ileile. Na kama tarakimu ile ingekuwa 3 kweli, asingenunua hata plagi kabla karatasi haijanyooka.

Sasa ni wiki ya sita. Kilima kinapandwa na trei za mayai juu ya keria zote mbili, na mkono wa petroli ukiachiwa, injini inatulia. Kila ikifika nyumbani, koki ya petroli hufungwa ili kabureta isilale imejaa.

Mpaka leo, hata hivyo, pikipiki haijavuka Rusizi. Huachwa Kamembe, na mama mkubwa huvuka na mzigo kwa miguu kama zamani. Kadi ya njano ya usajili anayo, lakini ile ya COMESA, inayoitwa pia kadi ya njano, ni kitu kingine: ni bima ya madhara kwa watu wengine inayotambulika nje ya nchi ilikokatwa, na wengi huzichanganya kwa sababu ya jina. Hiyo hajainunua bado. Ameandika bei yake katika ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya zile faranga 16,500, na kila jioni ya soko huongeza kidogo pembeni.

Mtu wa chuma chakavu alipita tena juzi. Aliikuta imeoshwa, akaizunguka mara moja, kisha akauliza kama tunajua nyingine iko wapi.