Pikipiki ya XL kwa muuzaji wa mtandaoni: miezi 3 ya kwanza imenionyesha nini

Tangu niweke picha ya pikipiki yangu mmenitumia ujumbe wengi: ni pikipiki gani hiyo, inalipa kweli, na kwa nini sikuchukua Boxer kama watu wote? Leo nawajibu kwa pamoja.

Mimi niko Songea, nauza vitenge na vyombo vya jikoni kwa WhatsApp na Facebook. Pikipiki nina miezi 3 nayo, kwa hiyo haya ni ya mwanzo mwanzo. Nikifikisha mwaka nitaandika tena.

Jibu fupi: kama wateja wako wote wapo kwenye lami, usinunue. Kama una watu wa vumbi wanaokuuliza kila wiki "Dada, hivi huku mnafika?", endelea kusoma.

1. Hii XL ni pikipiki gani?

Ni Honda XL 125 ya mtumba. Ndo ile ndefu unayoiona kwa mabwana shamba na watu wa miradi. Injini ni silinda moja, inapozwa na upepo, inakula petroli ya kawaida. Usiichanganye na Yamaha DT 125, nayo ni ndefu vilevile. DT inataka na oili yake maalumu inayoungua pamoja na petroli, na hiyo ni gharama ya pili.

Tofauti na Boxer au TVS inaanzia kwenye miguu. Tairi la mbele la XL ni inchi 21 na la nyuma 18, wakati Boxer na TVS nyingi za boda ni 17. Tairi kubwa linapita juu ya jiwe au kishimo badala ya kuzama humo. Injini imekaa juu, haigongwi na mawe, na shokapu zina nafasi ndefu ya kucheza. Uzito ni kama kilo 110 tu, hivyo ikilala kwenye tope naiinua mwenyewe bila kuita watu.

2. Nilichokiona wiki za mwanzo

Kwenye njia mbovu ni raha. Barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, Boxer inakurusha mpaka mikono inakufa ganzi. XL inapita, na mzigo unafika ukiwa mzima.

Kwenye lami, nikwambie ukweli, sio raha. Ukifika spidi 80 inatetemeka na upepo unakusukuma. Boda wa kawaida anakupita huku anaongea na simu.

Siti iko juu. Dada zangu wafupi kama mimi, mjipange: ukisimama unagusa chini kwa ncha za vidole. Na ukiwa na mzigo nyuma huwezi kurusha mguu, unapitisha mbele. Suruali ni lazima.

Spea ndo kitu cha kufikiria. Za Boxer na TVS zipo kila duka la spea hapa mjini. Za XL, kebo, plagi na cheni unapata, lakini vitu vya ndani ya injini mara nyingi unaagiza Dar zije na basi. Maana yake pikipiki inaweza kulala siku tatu, nne. Uwe na njia mbadala ya kufikisha mizigo.

3. Hesabu, maana hapa ndo watu wanadanganyana

Nilinunua kwa 2,100,000. Tairi mpya za kashata, zile za meno makubwa, pamoja na cheni, keria na matengenezo madogo zikala 240,000. Jumla 2,340,000. Hela hii niliiweka pembeni kwa miezi 8, sikugusa hela ya mzunguko. Mtaji wa bidhaa ukiugeuza chuma, utakuwa na pikipiki nzuri ya kupelekea mzigo ambao huna.

Sasa safari moja ya kijijini, kilomita 70 kwenda na kurudi. Kwangu lita moja inakwenda kama kilomita 35 nikiwa na mzigo:

- Petroli lita 2, tuseme 3,000 kwa lita: 6,000
- Akiba ya oili, tairi na fundi, shilingi 50 kwa kila kilomita: 3,500
- Nusu siku yangu ya kazi: 10,000
- Jumla: 19,500

Bei ya petroli usiikariri. EWURA wanatangaza bei kikomo kila mwezi na kila mji una yake, kwa hiyo angalia ya Songea, sio ya Dar. Na hiyo nusu siku usiiache nje ya hesabu. Muda ambao uko porini hujibu wateja mtandaoni.

Mteja wa kijijini namtoza 4,000 ya kumfikishia. Oda tano ni 20,000, safari imejilipa. Oda tatu ni 12,000, hapo nimetoa hela mfukoni. Ndo maana chini ya oda tano siendi. Nawaambia wateja mapema: safari ni Jumatano na Jumamosi, anayetaka ajiandikishe kabla ya saa mbili usiku wa jana yake.

Faida ya bidhaa zenyewe iko kama 6,000 kwa oda. Oda kumi kwa wiki ni 60,000. Ukigawa 2,340,000 kwa 60,000 unapata wiki 39, yaani miezi 9 hivi, na hapo hujahesabu wiki ambazo mvua itanifungia ndani. Sio utajiri wa haraka. Kilichobadilika ni kwamba hawa ni wateja ambao zamani nilikuwa nawajibu "huko hatufiki".

4. Lami mpe basi, mjini mpe boda, vumbi nenda mwenyewe

Hii ndo kanuni ninayoifuata sasa. Mkoa wetu una lami ndefu: kwenda Njombe, kwenda Namtumbo mpaka Tunduru, kwenda Mbinga mpaka Mbamba Bay. Mteja wa Mbinga, mzigo unapanda basi asubuhi na mchana anao. Nikienda mwenyewe kilomita karibu 100 kwenda na 100 kurudi, petroli peke yake inameza faida yote.

Mjini, mteja wa Lizaboni, Bombambili au Msamala, boda anafika kwa hela ndogo wakati mimi naendelea kupakia oda nyingine.

XL inatoka kwa ajili ya vijiji vya ndani. Mfano ni upande wa Mpitimbi na Muhukuru, njia ya kwenda mpaka wa Mkenda, na vijiji ambavyo ukiacha barabara kuu bado unaingia ndani. Na siendi mlango kwa mlango. Kila kijiji nina sehemu moja, mara nyingi dukani kwa mtu ninayemwamini, na muda maalumu. Nabeba vitenge vitatu vinne vya ziada maana mtu akija kuchukua chake, jirani yake naye anachagua.

Nauli wanatuma kwa simu kabla sijaondoka. Mtu aliyetuma 4,000 hazimi simu.

5. Kupakia

Mzigo mzito ukae chini na karibu na siti, sio mwishoni mwa keria. Ukiwa nyuma sana mbele kunakuwa kwepesi, na kwenye mchanga usukani unakataa kutii. Nilimpa fundi cherehani turubai anishonee mifuko miwili ya pembeni, imekaa vizuri kuliko boksi moja refu la juu. Mimi sizidishi kilo 30.

Vyombo vya kioo nakunja ndani ya vitenge vya wateja wengine, vikiwa kwenye nailoni. Mtikisiko ndo unavunja vyombo, hata usipoanguka.

6. Ukitaka kununua ya mtumba, kagua hivi

Fika injini ikiwa ya baridi. Ukikuta imeshawashwa na ni ya moto, subiri ipoe, maana injini yenye shida ya kuwaka huwashwa kabla hujafika. Piga kiki. Moshi wa bluu usioisha maana yake inakula oili. Tikisa tairi la nyuma kulia na kushoto, kisha usukani. Angalia meno ya sproketi: yakiwa makali kama ya msumeno, hesabu cheni mpya. Iendeshe kwenye kilima ukiwa na mtu nyuma, usikilize kama gia inaruka.

Kisha karatasi. XL nyingi zilizoko mtaani zimetoka serikalini au kwenye miradi. Ukisikia zamani ilikuwa na namba ya DFP, simama kwanza. Vyombo vya miradi ya wafadhili huwa na msamaha wa kodi, na vikiuzwa kwa mtu binafsi kodi ile inadaiwa. Usitoe hela mpaka uone kadi yenye namba ya MC, na namba za chesisi na injini zinafanana na zilizopo kwenye chuma chenyewe. Angalia pia kama ina faini za barabarani kwenye mfumo wa polisi mtandaoni. Halafu badilisheni umiliki TRA mkiwa wote wawili, sio "utabadilisha baadaye".

Leseni ya gari peke yake haikuruhusu pikipiki, unahitaji daraja la pikipiki. Bima ndogo ni lazima kisheria, ila ujue inamlinda mtu utakayemgonga. Hailipi pikipiki yako wala vyombo vilivyovunjika.

7. Matunzo na mvua

Vumbi letu ni adui. Chujio la hewa naangalia kila wiki, cheni napaka oili kila nikirudi kijijini, oili ya injini nabadilisha kila kilomita 1,500. Kofia ngumu sivui hata kama njia haina trafiki.

Mvua zikianza, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, udongo mwekundu unakuwa sabuni hata kwa tairi za kashata. Siku ya mvua kubwa nitaahirisha, na wateja nimeshawaambia mapema. Oda ikichelewa siku mbili mteja anavumilia. Mguu ukivunjika biashara inasimama miezi.

Kabla hujatoa hela yako

Fanya jaribio dogo. Kodi boda mmoja mwezi mzima apeleke oda za kijijini kwa siku maalumu. Hapa mjini safari kama yangu nimetajiwa mpaka 25,000. Tangaza siku, kusanya nauli, andika kwenye daftari. Ukiona oda tano zinajaa kila safari, hapo tafuta pikipiki yako. Zisipojaa kwa pikipiki ya kukodi, hata ukinunua yako hazitajaa, ila wewe utabaki na deni la tairi na spea.

Niambie hapo chini: uko mji gani, na mteja wako wa mbali kabisa unamfikishia vipi mzigo? Anayejua duka zuri la spea za XL kanda hii pia aandike, tunalihitaji wengi.