Mtoto Mkaidi: Tutafute Sababu Kabla ya Fimbo

Katika nyumba zetu maneno haya husikika kila siku: "Mtoto huyu mkaidi", "huyu ana shetani", "huyu ndivyo alivyozaliwa." Naye anayesemwa pengine hajatimiza hata miaka mitano. Amempiga nduguye, au amejitupa chini dukani akalia mpaka watu wakakusanyika. Fimbo huchukuliwa, kilio hukoma, na kesho yake mambo huanza yale yale. Basi yatupasa tuulize: kwa nini hurudia? Hurudia kwa kuwa fimbo imeadhibu kitendo, na kilichokizaa kitendo hicho kingalipo.

Dini yetu imempa mtoto muhula. Kalamu ya dhambi imeinuliwa juu yake mpaka abaleghe, na Mtume (s.a.w.) ameagiza watoto waamrishwe sala wafikapo miaka 7. Ikiwa nguzo ya dini yenyewe imesubiri umri huo, vipi tutamdai mtoto wa miaka 4 utulivu wa mtu mzima? Wataalamu nao wasema kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo humwezesha mtu kujizuia, haikomai mpaka apite miaka 20.

Sababu ya kwanza ya kutazamwa ni mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limesema kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 ahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku. Mtoto alalaye saa 4 usiku na kuamshwa saa 11 alfajiri amelala saa 7 tu. Akiwa mkali mchana, si ajabu. Kadhalika njaa, minyoo na upungufu wa damu humwondolea mtoto raha. Na yuko mtoto atokwaye na usaha masikioni, ambaye akiitwa haitiki. Huambiwa ana kiburi, kumbe hasikii vizuri. Huyo hupelekwa kwa daktari, hapigwi.

Sababu ya pili ni uchache wa maneno. Mtoto wa miaka 2 hajui kusema, "Nimeonewa," wala, "Naogopa." Kwa hiyo hung'ata. Mzazi na amfundishe neno la kusema: "Nirudishie changu," au, "Mama, nisaidie."

Ya tatu ni wivu. Azaliwapo kitoto kichanga, mkubwa huona amenyang'anywa mama. Huenda akarudia kukojoa kitandani, au akamfinya mdogo wake. Afaa apewe kazi ndogo ya kumhudumia mdogo, na kila siku apate kitambo cha kukaa na mama peke yake.

Ya nne twaifundisha wenyewe. Mtoto alilia peremende, akaambiwa hapana mara tatu, na mara ya nne akapewa. Amejifunza nini, ila kwamba mlango hufunguliwa kwa kelele? Wahenga walisema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Wengi huufanya msemo huu hoja ya fimbo, na ilhali hautaji fimbo, wataka mzazi awe na msimamo. Lakini ajue kwamba akianza kushika neno lake, kilio kwanza huzidi, ndipo kipungue. Asikate tamaa katikati.

Tena mtoto huiga. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwajaribu watoto 72 wa umri wa miaka 3 hadi 5. Waliomwona mtu mzima akilipiga bandia walilipiga vivyo hivyo walipoachwa nalo. Basi baba ampigaye mtoto kwa sababu amempiga nduguye, amemfundisha somo gani?

Twawashauri wazazi kwa juma moja waangalie mambo matatu kila linapotokea tatizo: ni nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, na alipata nini baadaye. Mara nyingi sababu itajionyesha yenyewe.

Tusidhani upole ni ulegevu. Mtoto anayepiga na azuiwe mkono papo hapo, aambiwe kwa maneno machache, "Hatupigi." Na atendapo wema asifiwe. Kama aumiza wenziwe kila mara, au amechelewa kusema, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, aonwe na daktari upesi.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alirefusha sijida katika sala ya jamaa hata watu wakashangaa. Walipomwuliza, alieleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Sala ya jamaa nzima ilimngoja mtoto. Sisi je, twashindwa kungoja kitambo kidogo tujue kwa nini wetu analia? Jina la "mkaidi" tumwitalo leo aweza kukua nalo akaliamini. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie subira katika amana hii. Amin.