Mtembezi Asiye na Kaburi: Masimulizi ya Sakagwa kama Kisakale

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayekwenda nyanjani Kisii au Nyamira hakosi kusikia habari za Sakagwa, mwonaji wa Kitutu aliyeishi katika karne ya 19. Makala haya yanafafanua jinsi masimulizi yake yalivyojengeka, na hatari inayoyakabili yanapotiwa katika maandishi.

Kiutanzu, haya ni visakale: mhusika ni mtu wa historia, ila matendo yake yamevikwa ajabu. Inasimuliwa kwamba Sakagwa alitabiri ujio wa wageni weupe na kuwaonya Abagusii wasipigane nao. Alipofika Getembe, ulipo mji wa Kisii leo, alionyesha mahali ambapo majengo ya utawala yangesimama. Visa hivi vimeshikamana na ardhi. Katika hili Sakagwa anatofautiana na Abunuwasi wa hekaya za pwani, ambaye visa vyake huhamishika popote bila kupungukiwa.

Yapata mwaka 1902 Sakagwa alitoweka. Wengi walishikilia kwamba hakufa, na kwamba angerudi. Hapa ndipo penye kiini cha uhai wa kisakale hiki. Waingereza walipoweka kituo Getembe mnamo 1907, utabiri ulionekana kutimia. Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Kisii na Waingereza wakaondoka kwa muda, wako walioamini kwamba wakati wa wageni kuondoka, aliousema Sakagwa, umewadia. Mji uliporwa, Waingereza waliporejea, wenyeji waliadhibiwa vikali. Ni dhahiri, basi, kwamba masimulizi haya hayakuwa burudani tu: watu waliyatenda, wakayalipia.

Swali linalozuka ni hili: je, alitabiri kweli? Kisa kilichonakiliwa baada ya tukio hakiwezi kulijibu. Swali lenye tija ni nani anasimulia, wapi, na kwa haja gani. Kitutu yenyewe leo imegawika: Kitutu Chache iko Kisii, Kitutu Masaba iko Nyamira. Mkusanyaji hana budi kunakili kila toleo kwa Ekegusii kwanza, ndipo alitafsiri kwa Kiswahili, akitaja mahali na umri wa msimulizi. Wazee wanapungua kila mwaka. Lakini tukiharakisha kuchagua toleo moja na kuliita sahihi, tutakuwa tumemchimbia Sakagwa kaburi ambalo wasimulizi wake walikataa kumchimbia.