Shukia Igawa, panda baiskeli

Abiria wengi wa mabasi ya Dar es Salaam hadi Mbeya wanaijua Igawa kwa kuipita tu. Ukishaiacha Makambako barabara inaanza kuteremka, masweta yanavuliwa, na mara umeingia kwenye joto la bonde la Usangu. Hapo ndipo mkoa wa Mbeya unapoanza. Nyuma yako ni Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa. Konda anaita jina la kituo, wawili watatu wanashuka na mizigo yao, gari linaondoka. Mtalii hashuki. Makala haya yanamwomba ashuke, tena na baiskeli yake.

Tanzania imejenga utalii wa kukaa kwenye gari. Mgeni anachungulia tembo kupitia paa lililo wazi, kisha anapelekwa Zanzibar kulala ufukweni. Huko Paje na Jambiani baiskeli za kukodi zipo, na si vibaya kuzunguka nazo asubuhi bahari ikiwa imekupwa. Ila baada ya saa mbili umeshaona kilichopo: minazi upande mmoja, maji upande wa pili, na jua utosini. Anayetaka nchi ibadilike chini ya magurudumu yake aje Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Igawa, penye urefu wa zaidi kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, anaweza kupanda hadi Kitulo kwenye mita 2,600 hivi, kisha akashuka hadi Matema kwenye Ziwa Nyasa, chini ya mita 500. Pori kavu, nyasi za baridi, migomba, mchanga wa ufukweni, vyote katika likizo moja ya wiki, bila haraka.

Anza na daraja la Igawa. Chini yake unapita mto Mbarali, na ukiendelea kuelekea Chimala utavuka Kimani, halafu mto Chimala wenyewe. Yote inatoka kwenye milima iliyo kushoto kwako, inatelemkia mashamba ya mpunga ya Usangu na kuungana na Ruaha Mkuu, unaokwenda kujaza mabwawa ya Mtera na Kidatu kabla ya kuingia Rufiji na kuishia kwenye mikoko ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo mpanda baiskeli anayesimama hapo kunywa maji tayari yuko kwenye njia ya kwenda pwani, ingawa pwani iko mamia ya kilomita mashariki. Ruaha huo huo umekuwa ukikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha karibu kila kiangazi tangu mwaka 1993, na chanzo cha ugomvi kipo hapa: maji ya mkulima wa mpunga, ya mfugaji, ya kiboko na ya umeme ni yale yale.

Miombo ya upande huu ina wakati wake. Septemba na Oktoba, mvua ikiwa bado mbali na vumbi likiwa limetawala, majani machanga yanachipua mekundu, mengine ya rangi ya shaba. Dereva hayaoni. Wa baiskeli anayaona kwa saa nzima.

Sasa tusidanganyane: hatari ya safari hii ni barabara kuu. TANZAM ndiyo njia ya malori ya Zambia na Kongo, na lori la mafuta linalopishana na basi halina nafasi ya kukufikiria wewe. Kipande cha Mafinga hadi Igawa, kama kilomita 138, kilijengwa upya na kina unafuu. Kuanzia Igawa kwenda mbele ndipo roho inaruka. Ushauri wangu ni kuondoka alfajiri, kuvaa kizibao kinachong'aa, kuweka kioo kwenye usukani, na kuona kipande hicho kama ushuru unaolipa ili ufike Chimala. Asiyetaka kuulipa apakie baiskeli kwenye gari hadi Chimala, hakuna atakayemcheka.

Chimala unaiacha lami na kukunja kushoto kuelekea Matamba. Barabara hii wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake zinazopanda ukuta wa mlima. Ni njia ya kokoto na mawe, na kwa mwenye mizigo ni kazi ya siku. Kila ukigeuka, bonde la Usangu linazidi kupanuka chini yako, na hewa inazidi kuwa nyepesi. Baiskeli ya Phoenix, ile ngumu ya chuma inayobeba magunia kote nchini, hapa itasukumwa. Leta yenye gia. Ila usilete ya kifahari mno. Fundi wa Chimala au Tukuyu atakuzibia pancha, atakunyooshea rimu na kukufungia spoki kwa dakika chache. Breki za mafuta ni habari nyingine, hizo uje na vipuri vyake.

Juu ni Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 412, na sababu kubwa ya kuitenga ilikuwa maua, hasa okidi za ardhini. Zilikuwa zikichimbwa kwa ajili ya viazi vyake, vinavyouzwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopendwa sana huko. Hakuna simba wa kukuharibia siku, kwa hiyo hapa miguu na baiskeli vinafaa kuliko gari. Ulizia kibali na ada langoni Matamba. Tatizo ni kalenda. Maua yanatoka Desemba hadi Aprili, wakati ambao njia ni tope. Juni na Julai njia ni kavu, lakini kuna barafu alfajiri na maua ni machache. Mimi ningechagua mwisho wa Aprili kuingia Mei, nikakubali kuchafuka.

Kutoka Kitulo njia inapita Kikondo na kutokea Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Hapo umevuka mgongo wa nchi: maji ya upande huu hayaendi tena Rufiji, yanakwenda Ziwa Nyasa. Rungwe ina mvua nyingi, na kila kitu kinaonyesha hivyo, kuanzia migomba na chai hadi matope ya uani. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira linastahili kusimama. Baada ya Tukuyu ni mteremko mrefu hadi Kyela, joto linarudi, mikakao inaanza. Kyela ni tambarare ya mpunga, na karibu na mpaka wa Kasumulu baiskeli zimebeba abiria miaka mingi kabla ya bodaboda kuingia. Kikusya unakata kushoto. Lami ya kama kilomita 39 kupitia Ipinda inakufikisha Matema.

Ufukwe huu umeegemea Milima ya Livingstone, inayoshuka karibu wima majini. Vyungu vya Wakisi huletwa hapa kwa mitumbwi, na samaki ni wa asubuhi hiyo hiyo. Uliza wenyeji kabla ya kuoga karibu na midomo ya mito, mamba wapo. Na lala ndani ya chandarua.

Wageni wenye baiskeli si ndoto. Msafara wa Tour d'Afrique, unaotoka Cairo hadi Cape Town tangu mwaka 2003, umekuwa ukipumzika Mbeya kabla ya kuvuka kwenda Malawi. Rwanda imeweka alama njia ya Kongo-Nile, kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, na wapanda baiskeli wanaifuata na kulala kwenye vijiji vyake. Sisi tuna ziwa kubwa zaidi na milima mirefu ya kutosha, lakini Isyonje hakuna hata kibao kinachomwelekeza mtu Kitulo kwa baiskeli.

Upanuzi wa barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, umeanzia jijini Mbeya kwa njia nne za Nsalaga hadi Songwe. TANROADS watakapofika kipande cha Igawa, wachore mabega ya lami yenye upana wa kumtosha mtu wa baiskeli, pande zote mbili. Mwanafunzi wa Rujewa na mkulima wa Igurusi watayatumia kila siku, mtalii atafuata.