Spika za Jabe na Somo la Kusikiliza

Sisi tunaofundisha Kiswahili Bujumbura hulalamika mara kwa mara kwamba wanafunzi hawatofautishi samani na thamani, au zana na dhana. Lawama huenda kwa Kirundi, ambacho hakina th wala dh. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini zoezi linapochezwa kwa spika, yafaa kwanza kuichunguza spika yenyewe.

Fundi wa redio, awe wa Jabe au wa Buyenzi, huipima kwa betri ya volti 1.5. Akigusisha nyaya, karatasi ya spika husukumwa, hulia "ta!", kisha hukaa hapo hapo hadi betri iondolewe. Nyuma ya karatasi pana koili ya waya mwembamba iliyozungukwa na sumaku. Umeme ukipita upande mmoja, koili husukumwa, ukigeuka, huvutwa. Umeme wa betri haugeuki. Ule wa Regideso hugeuka, mizunguko 50 kwa sekunde, ndiyo maana amplifaya mbovu huvuma bila kukoma. Sauti ya mtu ikishageuzwa kuwa umeme huwa na mizunguko ya kasi nyingi kwa pamoja, na karatasi hulazimika kuifuata yote.

(Neno kipaza sauti hulaumiwa kwa kubeba maana mbili, maikrofoni na spika. Fundi hashangai: ukiisemea spika, karatasi hutetema na koili hutoa umeme kidogo.)

Sehemu kubwa ya nguvu za irabu iko chini ya mizunguko 3,000 kwa sekunde. Nguvu za s aghalabu huzidi 4,000. Th ni hafifu na hutawanyika hadi 8,000 na zaidi. Karatasi pana, nzito, haiwezi kwenda na kurudi upesi hivyo. Kazi hiyo huachiwa spika ndogo ndani ya kasha, nayo huungua upesi muziki unapofunguliwa hadi mwisho. Kasha la namna hiyo bado litachezesha watu harusini, ila darasani samani na thamani zote zitasikika kama amani. Laini ya kawaida ya simu nayo hupitisha mizunguko 300 hadi 3,400 tu.

Kabla ya mtihani, basi, mwalimu acheze maneno hayo mawili huku amesimama nyuma ya darasa. Asipoyatofautisha yeye, azime mashine asome kwa mdomo wake.