Bembelezi la Mto Tana katika shule ya Hopkinton

Kwa zaidi ya miaka ishirini, Aprili ikifika na Boston Marathon ikiwa imebakiza siku chache, watoto wa Shule ya Msingi ya Elmwood katika mji wa Hopkinton, Massachusetts, wamekuwa wakikusanyika kwenye ukumbi wao wa michezo wakiwa na vibendera vya Kenya mikononi. Wageni, wakimbiaji kutoka Kenya, huingia, wanaume kwa wanawake, wembamba, wamevaa suti za michezo. Watoto husimama na kuwaimbia Wimbo wa Taifa wa Kenya. Wimbo huo una maneno rasmi ya Kiingereza, na ingekuwa rahisi kwao kuyashika. Wao huuimba kwa Kiswahili.

Habari hii niliikuta nikitafuta kitu kingine kabisa. Nilikuwa nikisoma ratiba za majira ya kuchipua katika miji midogo inayoizunguka Boston, theluji ikishayeyuka na watu wakitoka nje tena. Zinafanana sana: watoto kutafuta mayai ya Pasaka yaliyofichwa kwenye nyasi, wakazi kuokota taka za majira ya baridi, soko la miche, mechi za besiboli za wadogo. Katikati ya mambo hayo ya kawaida, nikakuta watoto wanaoimba kwa lugha yangu. Sikuweza kuendelea na nilichokuwa nikitafuta.

Hopkinton yenyewe si mji mkubwa. Haifikishi watu 20,000. Umaarufu wake ni mstari mmoja uliopigwa rangi kuvuka barabara kuu. Boston Marathon ilianza mwaka 1897, na tangu 1924 mbio hizo zimekuwa zikianzia hapa, kilomita 42 na kitu kwa barabara magharibi ya mstari wa kumalizia. Hufanyika Jumatatu ya tatu ya Aprili, sikukuu inayokumbuka mapigano ya Lexington na Concord ya tarehe 19 Aprili 1775. Asubuhi hiyo wakimbiaji wapatao 30,000 hupita katika mji ambao hauna hata watu wa idadi hiyo, wakateremka mteremko mkali wa mwanzo, na kufikia mchana barabara imerudi kwa wenyewe.

Wakenya wanajulikana sana huko. Ibrahim Hussein alishinda mwaka 1988, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na kuanzia 1991 hadi 2000 taji la wanaume halikutoka Kenya hata mara moja. Catherine Ndereba ameshinda mara nne, Robert Kipkoech Cheruiyot mara nne. Mwaka 2025 John Korir alichukua la wanaume, na Sharon Lokedi akachukua la wanawake kwa saa 2:17:22, muda ambao hadi siku hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa ameukimbia kwenye njia ile. Yote haya msomaji wa kurasa za michezo anayajua. Mimi nilichotaka kujua ni ule wimbo. Mtoto wa miaka saba au minane, ambaye hajawahi kusikia Kiswahili nyumbani, anafikaje mahali pa kuuimba?

Nikampelekea swali hilo mwalimu mmoja mstaafu wa Malindi, Mpokomo wa kando ya Mto Tana, aliyefundisha kwaya za shule za msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yake na kuzipeleka kwenye tamasha za muziki. Ameniomba nisiandike jina lake. Nilimwonyesha kipande cha video ya watoto wakiimba, akakitazama akiwa ameinamia simu, kidole kikigonga meza kufuata mapigo. Kilipokwisha akasema, tena, mwanangu. Akakitazama mara nyingine akiwa amefumba macho.

Kwa maelezo yake, kumfundisha mtoto wimbo wa lugha asiyoijua ni kazi ya sikio. Karatasi inakuja mwisho, au isije kabisa. Ukimpa mtoto maneno yaliyoandikwa atayasoma kwa sauti za lugha yake, na hapo umeshaharibu. Utatumia wiki nzima kung'oa ulichopanda kwa dakika tano. Yeye huanza na sauti tupu, bila neno lolote, watoto wakiguna na kupiga makofi mpaka miili yao imeujua mwendo wa wimbo. Ndipo anapoleta maneno, na anayaleta kinyumenyume. Huanza na mstari wa mwisho. Watoto wakishaushika, huwapa ule unaoutangulia, halafu unaoutangulia huo, mpaka wafike mwanzo. Kwa njia hiyo mtoto anayeimba huwa daima anaelekea kwenye kitu anachokijua, na sauti inapanda badala ya kufifia. Anasema kwaya nyingi huanza kama ngurumo na kumaliza kama mbu kwa sababu tu mwalimu alianza juu ya ukurasa.

Watoto wa kwenye video aliwasifu kwa irabu. Zilikuwa wazi, neno likiishia pale linapopaswa kuishia, na kutokana na hilo alihukumu kwamba aliyewafundisha ama alikuwa na rekodi nzuri au alikuwa na msemaji wa Kiswahili pembeni. Kisha akanionyesha walikopata taabu. Lipo neno "nguvu". Mtoto aliyelelewa na Kiingereza anaijua sauti hiyo ya mwanzo, ila ameizoea katikati ya neno. Kuanza nayo kunamshinda, hivyo hutafuta kigogo cha kukanyaga kwanza, akaweka irabu mbele: "enguvu". Neno "ngao" linamfanyia vivyo hivyo. Gumu kuliko yote ni "mlinzi", kwa sababu ile "m" inasimama peke yake bila irabu na bado ni silabi kamili. Mtoto haamini kwamba inawezekana, anaiongezea "i" au "u" ili ipate mwili.

Nikamwuliza dawa yake. Akafunga midomo na kuguna "mmm", kama mtu anayeonja mchuzi na kuukubali, kisha bila kufungua midomo mpaka dakika ya mwisho akamalizia neno. Watoto, anasema, hucheka wakifundishwa hivyo, na kicheko kinalegeza taya. Taya ikilegea, neno linapita. Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: hata wanafunzi wake wa Malindi, waliozaliwa ndani ya Kiswahili, walikuwa wakiuimba ubeti wa kwanza kwa nguvu zote na kuunong'ona wa pili, maana hakuna aliyekuwa amewafundisha. Ilichukuliwa kwamba wanaujua kwa kuwa ni wao.

Wimbo huu kwake ni wa nyumbani kwa namna ambayo Wakenya wengi hawaifikirii wanaposimama mstarini Jumatatu na Ijumaa. Serikali ilipotaka wimbo wa uhuru mwaka 1963, ilikusanya jopo la wanamuziki watano: Graham Hyslop, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, Washington Omondi na George Senoga-Zake. Sauti waliyoichagua ilitoka kwa Wapokomo, bembelezi ambalo akina mama wa kando ya Tana huwaimbia watoto wao. Jina la Mzee Meza Moroa Galana ndilo linalotajwa kila asili ya wimbo inapozungumzwa. Maneno ya bembelezi hayana dola wala bendera ndani yake. Mama anamtishia mtoto anayelia kwamba atamwita mnyama aje amle.

Mwalimu aliniimbia lile la zamani kwa kuguna tu, polepole, akitikisa bega la kushoto kana kwamba kuna kichwa kimelilalia. Ukiusikia kwa mwendo ule unatambua mara moja jinsi ulivyojengwa: unapanda kidogo, unatua, unapanda tena, unatua, kwa pumzi ya mtu anayetembea huku na huko chumbani usiku. Wanajopo waliunyoosha mgongo, wakaupa vinanda na ngoma. Mwalimu anasema watoto wa Hopkinton, kwa kutojua kwamba ni wimbo wa kusimama kikakamavu, wameurudishia kidogo ule ulaini wake.

Alitaka kujua kama kuna aliyewaambia. Watoto wa umri ule, anasema, wangefurahi kupita kiasi kusikia kwamba wimbo wanaowaimbia mabingwa wa dunia ulianza kwa mtoto aliyekataa kulala. Sikuwa na jibu. Nami nikamwuliza kama watu wa Mto Tana walipata chochote kwa sauti yao kuwa ya taifa zima. Akaniuliza, bembelezi ni la nani? La mama aliyeliimba, la mama yake aliyemfundisha, au la aliyekuwa wa kwanza kuliandika? Nilingoja aendelee, hakuendelea.

Nimelifikiria sana swali hilo, kwa sababu watoto wa Elmwood wanafanya jambo ambalo sisi hatujalifanya vya kutosha. Wanamkaribisha mgeni kwa kuhangaika na lugha yake. Katika utangazaji wa mbio, mkimbiaji wetu mara nyingi ni mmoja wa "Wakenya" walio kwenye kundi la mbele, mpaka atakapobaki peke yake. Ndani ya ukumbi ule kuna mtoto aliyejitahidi wiki kadhaa kuisema "mlinzi" ili mtu huyu aliyetoka mbali ajisikie yuko mahali panapomjua. Mimi naiona heshima hiyo kuwa kubwa kuliko mashada ya maua.

Na kuna wasioimbiwa. Juma Ikangaa wa Tanzania alimaliza wa pili Boston mwaka 1988, nyuma ya Hussein kwa sekunde moja tu, kisha akawa wa pili tena 1989 na tena 1990. Gabriel Geay akawa wa pili 2023. Alphonce Simbu wa Singida akawa wa pili 2025, na miezi michache baadaye akawa bingwa wa dunia kule Tokyo. Hadi mbio za 2025, hakuna Mtanzania aliyekuwa ameshinda Boston, ingawa wamelifikia taji kwa karibu kiasi hicho. Kiswahili ni chao kama kilivyo chetu. Je, watoto wa Dodoma wanalijua jina la Ikangaa? Watoto wa Iten, wanaopishana na mabingwa barabarani kila alfajiri, wamewahi kuwaalika darasani na kuwauliza wanakula nini kabla ya kukimbia na wanaogopa nini?

Walimu wakuu wa kuanzia Elgeyo-Marakwet hadi Singida wanaweza kulifanya hili bila bajeti. Katika miaka ya karibuni mbio za Boston zimeanza asubuhi kule Marekani, wakati kwetu ni saa kumi na nusu na ushei jioni, watoto wakiwa wameshatoka darasani na wanaweza kuzifuatilia. Mwaliko mmoja, wimbo mmoja ulioandaliwa vizuri, nusu saa ya maswali. Wakimbiaji wengi huwa nyumbani wakipumzika baada ya msimu, na watakuja wakiitwa.

Mwalimu wa Malindi naye ametoa ahadi yake. Yuko tayari kwenda katika shule yoyote ya Pwani kuwafundisha watoto Wimbo wa Taifa, beti zote tatu, na bembelezi lililouzaa, bila malipo. Anachotaka ni nauli na chumba chenye madirisha. Shule itakayomhitaji imwandikie mhariri wa ukurasa huu.